Geji ya kupima unene wa rangi ya gari: iliyonifaa na iliyonipotezea pesa

Geji ya kwanza niliinunua kwa hasira. Nilikuwa napiga polishi boneti ya Vitz nyeusi, nikakaza mashine kwenye ukingo karibu na taa, na padi nyeupe ikarudi na weusi. Anayefanya kazi hii anajua maana yake: klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, imekwisha, unakula rangi yenyewe. Boneti ile niliipeleka kwa fundi wa rangi kwa pesa zangu.

Basi nikaagiza geji ya bei rahisi mtandaoni. Kwenye Vitz na Fielder ilisoma vizuri tu. Siku Subaru Legacy ilipoingia, nikaiweka juu ya boneti, kimya. Nikabadilisha betri, kimya. Kumbe boneti ile ni ya alumini, na kifaa changu kilijua chuma peke yake. Muuzaji hakuwa ameandika hilo popote, na simu zangu hakuzishika tena. Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, hakikisha inasoma chuma na alumini. Bampa za plastiki sahau. Hizo zinataka geji ya mawimbi ya sauti, na bei yake si ya banda langu hapa Ngara, Nairobi.

Hii ya pili ninayo mwaka wa pili sasa. Kila asubuhi naiseti kwa vibamba vyake viwili na karatasi za plastiki zenye unene unaojulikana. Ni dakika mbili. Halafu napima kila mlango sehemu tano au sita, si moja, na naandika namba kwa chaki kwenye kioo.

Rangi ya kiwandani kwa kawaida hucheza kati ya maikroni 90 na 150 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ikifika 250, najua imepakwa upya. Ikipita 1000, chini kuna fila, ile ya kujazia mibonyeo. Lakini hapa ndipo wengi wanajidanganya, nami nilijidanganya: geji inakupa jumla ya tabaka zote. Klia yenyewe huwa maikroni 40 hivi, na geji haikuonyeshi hiyo peke yake. Mlango wa 280 unaweza kuwa na klia nyembamba kuliko wa 110, kama fundi aliyeupaka alipiga msasa kupita kiasi au alibania klia. Namba kubwa hainipi ruhusa ya kukaza mashine. Siku hizi napima, napiga polishi kipande kidogo, napima tena. Zikiondoka maikroni mbili tatu naendelea, zikizidi nabadilisha kompaundi, yaani dawa ya kusugulia.

Tatizo ambalo hakuna maelezo ya kifaa yatakayokuambia ni watu. Kijana mmoja aliniletea Demio, ndiyo kwanza imetoka Mombasa, akisifu kwamba haijawahi kuguswa. Milango mitatu ilisoma 104, 111, 108. Wa nyuma kushoto, 640. Akaniuliza kama mashine imeharibika. Nikapima tena mbele yake, 655. Akatoka nje na simu, nikamsikia akimwita mtu "wewe broka" kwa sauti ambayo hata waosha magari wa jirani walinyamaza.

Tangu hapo sipimi gari kama mwenyewe hayupo. Akiondoka kwenda kunywa chai, namsubiri.

Kasoro nyingine? Kifuniko cha betri kimelegea, nimekifunga na selotepu.