Gemu za Mapigano kwa Anayecheza Peke Yake: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu gemu za mapigano wana lalamiko moja linalojirudia. Mtu ananunua gemu kwa bei kamili ili aicheze nyumbani peke yake, au anamtumia mdogo wake aliyeko mkoani, na inapowashwa anagundua kwamba sehemu kubwa ya yale yaliyosifiwa kwenye kasha haifunguki mpaka mashine iunganishwe na intaneti. Msomaji mmoja alipompigia simu muuzaji aliambiwa kwamba gemu haina tatizo lolote, tatizo ni mtandao wa huko kwao. Jibu hilo liliniudhi kuliko gemu yenyewe, kwa sababu muuzaji alijua anachouza na hakuona haja ya kusema.

Katika mwongozo huu, basi, sitazungumzia ubora wa picha wala idadi ya wapiganaji, kwa kuwa hayo kila mtu anaweza kuyaona kwenye video kabla ya kutoa pesa. Nimezipanga gemu hizi kwa kigezo ambacho wahakiki wengi hukipita haraka: je, modi (njia za kucheza) za mchezaji mmoja zimo ndani ya mashine yako, au zimo kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo ng'ambo? Gemu yenye hadithi nzuri inayohitaji kuomba ruhusa mtandaoni kila unapoiwasha ni gemu uliyoikodi tu, hata kama ulilipa bei ya kuinunua.

Wapo watakaosema kwamba gemu ya mapigano ni ya kushindana na watu, na kwamba anayepambana na kompyuta amekosea njia. Hoja hiyo ina uzito Tokyo au Las Vegas, ambako mpinzani hapatikani mbali. Gemu hizi huendeshwa kwa fremu (picha zinazofuatana) 60 kwa sekunde, kila fremu ikichukua takriban milisekunde 17, na anayecheza kutoka Mwanza au Kisumu dhidi ya mtu aliyeko Ulaya anaweza kukuta kwamba mawasiliano yanachukua zaidi ya milisekunde 150 kwenda na kurudi, yaani karibu fremu tisa, ilhali katika gemu ya Tekken kuna ngumi inayofika usoni kwa fremu kumi tu. Mbinu za kisasa za kuficha ucheleweshaji husaidia, lakini haziwezi kuufuta umbali. Ukiongeza gharama ya bando, utaona kwamba kwa asiye na ndugu au jirani wa kushika pedi ya pili, modi za mchezaji mmoja ndiyo gemu yenyewe aliyoinunua, na hayo ya ubingwa wa dunia ni ziada.

Kampuni zenyewe zilifundishwa jambo hili kwa hasara. Capcom ilipotoa Street Fighter V mwezi Februari 2016, iliitoa bila modi ya kawaida ya kupambana na kompyuta mpaka mwisho, ile tuliyoizoea tangu enzi za mashine za sarafu. Hadithi kamili ilikuja katikati ya mwaka, na modi hiyo ya kawaida haikurudi hadi Januari 2018. Hata pesa za ndani ya gemu hazikuhesabiwa ukicheza bila kuunganishwa na seva. Kampuni ilikuwa imetarajia kusambaza nakala milioni 2 kufikia mwisho wa Machi mwaka huo wa 2016, ikaishia milioni 1.4. Sisemi kwamba sababu ilikuwa hiyo moja tu, lakini gemu yao iliyofuata inaonyesha wazi kwamba walisikia.

Kabla ya kutaja nafasi ya kwanza, niseme bayana kwamba nina upendeleo kwa Bandai Namco, kampuni inayotoa Tekken na Soulcalibur. Kizazi changu kilijifunza kushika pedi kwenye vibanda vya gemu vilivyokuwa na Tekken 3, na upendo wa namna hiyo hauondolewi na hoja. Msomaji anayetaka hukumu isiyo na upande abadilishe nafasi ya kwanza na ya pili, nami sitamlaumu.

Nafasi ya kwanza naipa Soulcalibur VI, iliyotoka Oktoba 2018 kwa PS4, Xbox One na kompyuta. Ni gemu ya mapigano ya silaha, na ndani yake mna hadithi mbili zinazojitegemea. Ya kwanza, Soul Chronicle, inaanza mwaka 1583 na kusimulia upya safari ya kuutafuta upanga uliolaaniwa, na kila mpiganaji ana sura zake unazoweza kuzifuata kando. Ya pili, Libra of Soul, ndiyo inayonifanya niirudie gemu hii: unaunda mpiganaji wako mwenyewe kuanzia umbo hadi mavazi, unachagua silaha, unasafiri kwenye ramani kutoka mji hadi mji, unanunua chakula na silaha, unakodi wapiganaji wa kukusaidia, na maamuzi yako yanaelemea upande wa wema au wa uovu katika mizani. Mapambano mengine yana masharti yake, kwa hiyo mazoea ya kubonyeza kitufe kimoja bila kufikiri hayakufikishi mbali. Yote haya yanachezwa bila intaneti. Kasoro yake ni kwamba hadithi inasimuliwa zaidi kwa maandishi na picha zilizotulia kuliko kwa video, na maandishi hayo ni mengi mno, kiasi kwamba asiyekuwa na subira ya kusoma Kiingereza au mojawapo ya lugha chache nyingine zilizomo atakuwa anaruka kurasa na kukosa nusu ya utamu.

Ya pili ni Street Fighter 6 ya Juni 2023, na hapa nakiri kwamba kwa wingi wa mambo inaishinda ile ya kwanza. Modi yake ya World Tour inakupa mji mzima wa Metro City, ambamo unatembea na mhusika uliyemuunda mwenyewe, unampa changamoto karibu kila mpita njia, unapigana na wahuni waliovaa maboksi kichwani, na unawatafuta mabingwa wa Street Fighter wakufundishe mtindo wao mmoja baada ya mwingine. Unaweza kuchukua teke la mwalimu huyu na ngumi ya yule ukazichanganya. Baadaye safari inakufikisha hadi nchi ya kubuni ya Nayshall. Muhimu kuliko yote, modi hii inafundisha. Michezo midogo ya kupata pesa inazoeza vidole bila wewe kujua kwamba uko darasani, na mapambano ya mitaani yanakulazimisha ujifunze kuzuia, kurusha mtu na kumshambulia akiwa hewani. Atakayemaliza World Tour ataingia kwenye ushindani wa watu akiwa na msingi, jambo ambalo hadithi za kisinema za gemu nyingine hazimpi. Nayo pia inachezwa bila kuunganishwa, ingawa kila unapowasha gemu utaombwa ujiunge na seva. Mwenye PS4 ajue kwamba atasubiri zaidi kila anapohama eneo.

Kwa nini basi haikuwa ya kwanza? Ukiacha upendeleo wangu, sababu ni toleo la mashine ya Nintendo Switch 2 lililotoka Juni 2025. Kadi inayouzwa ndani ya kasha haina gemu ndani yake. Ina ufunguo tu, na gemu yenyewe ni lazima uipakue. Maelezo yapo kwenye kasha, kwa hiyo kampuni haikudanganya, lakini mzazi anayenunua zawadi hasomi maandishi ya pembeni, na muuzaji hana haraka ya kumsomea. Kwa anayecheza peke yake mahali pasipo na mtandao wa kutegemewa, kadi ya namna hiyo ni kasha tupu lenye picha nzuri. Chukua diski ya PS4 au PS5.

Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, naiweka ya tatu kwa uchungu. Hadithi yake ya Jin na baba yake Kazuya inakwisha kwa saa chache, lakini kila mpiganaji miongoni mwa wale 32 wa mwanzo ana kisa chake kifupi chenye mapambano matano na video ya kumalizia, na Arcade Quest inamfundisha mgeni hatua kwa hatua. Kuna pia Super Ghost Battle, ambamo kompyuta inajifunza tabia zako na kukuletea mpinzani anayepigana kama wewe, pamoja na udhaifu wako wote. Ni mwalimu mkali asiye na heshima, na ninampenda. Kumbuka tu kwamba kupakua vivuli vya wachezaji wengine, yaani wapinzani wa kompyuta wanaopigana kama wao, kunahitaji mtandao. Kwenye kompyuta, gemu hii inadai gigabaiti 100 za nafasi, na haipo kabisa kwa PS4.

Uchungu wangu ni wa bei. Gemu ilitoka kwa dola 69.99, na mwezi mmoja baadaye, wahakiki wakiwa wamekwisha kutoa alama zao, likafunguliwa duka ndani yake la kuuza mavazi kwa pesa halisi. Mwezi Aprili akaja Eddy Gordo, ambaye katika vibanda vya kwetu hata asiyejua jina la gemu alimjua yeye na mateke yake ya kuzunguka, akauzwa kando kama mpiganaji wa ziada. Katika Tekken 7 ya PS4 Eddy alikuwemo tangu mwanzo. Anayeipenda kampuni ana haki ya kuisema: kumkata kwenye gemu mhusika anayependwa na watu kiasi hicho, kisha kumrudisha kwa malipo, ni ujanja wa dukani. Na haukuwa wa kwanza, maana mwaka 2019 kampuni hiyohiyo iliuza takwimu za fremu za Tekken 7 kama bidhaa ya pembeni, yaani mchezaji alilipia kujua kasi ya ngumi alizokwisha kuzinunua. Angalau katika Tekken 8 takwimu hizo zimo.

Mortal Kombat ndiyo sababu hasa ya kuandika mwongozo huu. Hakuna anayesimulia hadithi ya mapigano kisinema vizuri kuliko NetherRealm Studios ya Chicago, na hadithi zenyewe hazihitaji mtandao. Lakini ukimaliza hadithi, yale yanayopaswa kukuweka miezi mingi yako nyuma ya mlango wa seva. Katika Mortal Kombat 11 ya 2019, minara inayobadilika (misururu ya mapambano) ya Towers of Time na kisiwa cha Krypt, ambako unafungua makasha kwa sarafu ulizozitolea jasho, vyote vinadai uwe umeunganishwa, ingawa hakuna mtu mwingine unayepambana naye. Mortal Kombat 1 ya 2023 ilirudia jambo hilo kwa modi ya Invasions: ramani unayotembea peke yako, ukipigana na kompyuta, na intaneti ikikatika unatolewa nje. Mwaka mmoja baadaye mwendelezo wa hadithi, Khaos Reigns, uliuzwa kwa dola 49.99, juu ya dola 69.99 za gemu ya awali. Nunua mojawapo kwa ajili ya hadithi tu, na ikiwa imeshuka bei. Kwa Nintendo Switch, usinunue Mortal Kombat 1 hata ikishuka.

Guilty Gear Strive ya 2021 nitaitaja ili kukuepusha. Kinachoitwa hadithi humo ni filamu ya saa kadhaa ambayo huigusi pedi hata mara moja.

Wanaotafuta bei nafuu wachukue Tekken 7 au Dragon Ball FighterZ, diski zilizotumika, kwa PS4. Hadithi ya FighterZ inachosha kwa kurudia mapambano yaleyale.

Atakayedhani nazidisha hofu ya seva aangalie MultiVersus, gemu ya mapigano ya Warner, iliyokuwa ya bure lakini yenye vifurushi vya kulipia. Ilifungwa tarehe 30 Mei 2025, na waliobaki na uwezo wa kuicheza bila mtandao ni wale tu waliokuwa wameingia kwenye akaunti zao katika miezi minne ya mwisho. Mtu aliyekuwa amelipia wahusika mwaka 2022 na kupumzika kidogo alirudi akakuta mlango umefungwa.

Sasa wauzaji. Kuna biashara iliyoenea ya kukujazia gemu kwenye mashine kwa kutumia akaunti isiyo yako, kwa nusu ya bei ya diski, na wengi huiona kuwa nafuu. Gemu ya kupakua kwenye PlayStation hufunguka bila intaneti kwenye mashine moja tu ya kila aina (PS4 moja, PS5 moja) iliyosajiliwa kama ya msingi kwa akaunti hiyo. Muuzaji akiuza akaunti hiyohiyo kwa mteja mwingine na kuhamisha usajili, gemu yako inaweka kufuli siku mtandao unapokosekana, hata iwe Soulcalibur VI niliyoisifu hapo juu. Ukirudi dukani unaambiwa ulipie tena "kufunguliwa". Wengine huuza diski iliyokwaruzika kwa bei ya mpya kwa kisingizio cha dola kupanda, wakati diski imekaa rafuni tangu kabla dola haijapanda.

Kwa hiyo unapokwenda kununua, mwombe muuzaji azime intaneti ya mashine yake, aweke diski, kisha aingie katika kila modi ya mchezaji mmoja ukiwa umesimama hapo. Ni kazi ya dakika kumi ikiwa gemu imekwisha kusakinishwa. Akisema hana muda, maduka ni mengi.