TAHADHARI: Kishoka anayejiita wakala wa forodha ameniliza kwa baiskeli yangu mwenyewe

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha. Nimelizwa shilingi 1,340,000 na jamaa aliyejitambulisha kwangu kama wakala wa forodha. Hela hiyo eti ni kodi ya baiskeli niliyoipanda mwenyewe miaka miwili, baiskeli ambayo, kama nilivyokuja kujua baadaye, haikutakiwa kulipiwa ushuru hata senti tano. Jamaa bado yuko kazini. Najua wengi humu mna ndugu wanaofunga mizigo Ulaya na Uarabuni sasa hivi, basi someni.

Nilikuwa masomoni Leipzig, Ujerumani. Baiskeli niliinunua mkononi kwa mzee mmoja, euro 380, akaniandikia karatasi ya mauziano ya mistari minne: jina lake, jina langu, bei, namba ya fremu. Ya bluu, gia 27, ya mwaka 2014. Si ya kifahari, lakini mvua, theluji, chuo, sokoni, kote tulikwenda pamoja, na wakati wa kurudi sikuwa na moyo wa kuiacha. Tukachanga kontena Watanzania kadhaa, likapakiwa Hamburg. Mimi nikapanda ndege, mzigo ukaja nyuma yangu wiki saba baadaye.

Kontena halijamaliza hata siku mbili Dar, simu ikaita. "Dada yangu, pole na safari. Mzigo wako umeshuka, mimi ndiye nashughulikia kontena lenu. Una boksi sita na baiskeli moja, sivyo?"

Ndivyo. Boksi sita na baiskeli moja. Sasa mtu anayejua idadi ya maboksi yako utamshuku vipi? Ilinichukua wiki mbili kukumbuka kwamba orodha nzima ya mizigo, majina yetu, namba zetu za simu na kila kilichokuwemo ndani, ilikuwa imebandikwa kwenye grupu la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia moja, nusu yao hata hawakuwa na mzigo mle. Tuliibandika wenyewe, kwa uwazi, ili pasiwe na malalamiko. Ndiyo uwazi huo.

Akanitumia faili la PDF. Lina nembo ya TRA, mamlaka ya mapato, lina muhuri, lina saini iliyopinda kama nyoka. Na lina jedwali ambalo leo nikilisoma nacheka, ila siku ile nililisoma mara tatu nikaona ni halali tupu. Ushuru wa forodha. VAT. Ushuru wa bidhaa. "Ada ya uchakavu, chombo cha zaidi ya miaka 10." "Usajili na kibao cha namba." Kibao cha namba, wakuu. Cha baiskeli.

Ile ya uchakavu ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu kila mtu Bongo ameshasikia habari za magari ya zamani kutozwa zaidi. Akili ikajijibu yenyewe: si ni ya 2014, basi ndiyo hiyo. Kumbe jamaa alichukua makadirio ya gari, akafuta neno gari, akaandika baiskeli. Tozo ya umri ni ya magari. Kibao cha namba ni cha chombo cha moto. Baiskeli ya kukanyaga haina hata kimoja.

Nikafanya hesabu ambayo ningeifanya siku ile ningebaki na hela zangu. Ifanyeni na nyie. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia: 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 ikaongezwa 35 kwa bidhaa fulani fulani. Chukua thamani ya kitu, jumlisha bima na nauli ya kukifikisha hapa. Tuseme yote imefika milioni moja. Ibandike ile ngazi kali kuliko zote, 35, hata kama haistahili: 350,000. VAT ya Bara ni 18, inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani 1,350,000, inakuja 243,000. Jumla 593,000. Kuna tozo ya reli na ada ya forodha hapo pembeni, ni asilimia ndogo ndogo. Mimi nililipa 1,340,000. Kodi imezidi bei ya baiskeli yenyewe na sikushtuka. Mtu akikwambia kodi ya kitu chako cha mtumba ni kubwa kuliko ulichonunulia, kata simu kwanza, heshima baadaye.

Kilichonifanya nisifikiri ni saa. "Dada, storeji inaanza leo saa kumi jioni, ikishaanza mimi sina msaada." Storeji ni ile tozo ya mzigo kulala bandarini. Alipiga saa nane na nusu. Nikatuma 480,000. Saa tisa akapiga tena, sauti ya chini kidogo, kama mtu aliyejificha: afisa amefungua boksi ameona ni ya mtumba, kuna nyongeza ya 860,000. Nikatuma na hiyo, nikiwa nimekopa nusu yake kwa shemeji.

Alinipa Lipa Namba, ile ya biashara, si namba ya mtu, na hilo nalo lilinilainisha. Nikaona ni ofisi. Mnajua kabla ya kuweka namba ya siri simu inakuonyesha jina la unayemlipa. Liliandikwa jina la duka la vipodozi. Nililiona. Nakumbuka kabisa nililiona, kidole kikasimama, halafu nikajiambia labda ndiyo akaunti ya kampuni yao. Nikabonyeza. Sisi ambao kila wiki tunacheka ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii"!

Kesho yake akataka 300,000 nyingine, "ya kumpoza mkubwa". Hapo ndipo nikampigia mama mdogo, ambaye anauza vitenge Kariakoo na ameshatoa mizigo bandarini tangu mimi niko darasa la tatu. Sikumaliza hata kumsimulia. Akaniuliza swali moja tu: "Control namba iko wapi?"

Hakukuwa na control namba. Na wakuu, nikiondoka na ushauri mmoja kwenye mkasa huu wote ni huo wa mama mdogo. Kodi ya serikali nchini hapa hailipwi kwa Lipa Namba ya duka wala kwa simu ya mtu, hata awe mwema kiasi gani. Inatoka control namba, tarakimu 12, inaanza na 99, unailipa benki au kwenye simu kupitia menyu ya malipo ya serikali. Na haitoki hewani; inatoka baada ya hati ya forodha kuingizwa kwenye mfumo kwa jina lako na kukadiriwa. Wakala akikwambia umlipe yeye kwanza halafu "ataingiza mwenyewe", muulize kwa nini.

Nilimwomba control namba kwa meseji. Alama mbili za bluu. Kisha picha yake ya wasifu ikapotea.

Tukaenda forodha wenyewe, mimi na mama mdogo, yeye mbele. Dada wa kaunta akatafuta jina langu, akatafuta namba ya kontena, akageuza skrini kidogo tuone: hakuna hati yoyote iliyowahi kuingizwa kwa mzigo wangu. Kwa hiyo hakukuwa na afisa aliyefungua boksi, hakukuwa na nyongeza, na mzigo ulikuwa umelala bandari kavu haujaguswa. Storeji, ambayo ndiyo jambo pekee alilolisema kweli, ilikuwa inahesabu.

Halafu ndipo nilipojua la kuumiza zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina Jedwali la Tano, na humo mtu anayehamia au anayerudi kuishi nyumbani anasamehewa ushuru wa vitu vyake binafsi na vya nyumbani alivyokuwa akivitumia kule alikotoka. Si lazima uje navyo mkononi. Vinaweza kukufuata ndani ya siku 90 tangu ulipoingia, na ukiwa na sababu unaweza kuomba muda zaidi, mwisho siku 360. Wiki saba ni siku 49. Nilikuwa ndani kabisa.

Tuliongozwa kwa wakala mwenye leseni, mwenye ofisi ya kweli, meza ya kweli na kiyoyozi kibovu cha kweli. Akataka pasipoti yenye muhuri wa siku niliyoingia, kibali changu cha kuishi Ujerumani, orodha ya vitu, na chochote cha kuonyesha kwamba baiskeli ni yangu na nimeitumia. Nikatoa ile karatasi ya mzee wa Leipzig na picha nikiwa nimeipanda mbele ya bweni, theluji imefika kwenye kanyagio.

Siku ya ukaguzi afisa aliipindua baiskeli matairi juu, akalowesha kitambaa kwa maji ya chupa yake, akasugua chini ya fremu pale kwenye ekseli ya pedeli mpaka tope likatoka na tarakimu zikaonekana. Akazisoma moja moja, mimi namfuatisha kwenye karatasi. Kwenye madigadi ya nyuma kulikuwa na jani lililokauka limeng'ang'ania. Akalichomoa, akaniangalia, akasema, "Hii imetumika." Ushuru: sifuri. Nililipa ada ya wakala, gharama za bandari kavu na storeji ya siku kumi na moja nilizopotezewa, kila kitu kwa risiti.

Sasa msije mkaenda na nusu ya habari mkaniletea lawama. Msamaha huo ni wa anayerudi kuishi, na ni wa kitu kilichotumika. Ukienda Dubai wiki mbili ukanunua baiskeli mpya ikiwa kwenye boksi lake na lebo zinaning'inia, hiyo si vitu vyako vya nyumbani. Pita pale penye mlango mwekundu uwanja wa ndege, itangaze, toa risiti halisi. Ukileta tatu, utaulizwa mbili ni za nani, na swali ni la haki. Kuandika "zawadi" hakufuti kodi, forodha wanaangalia thamani ya kitu na si nia ya mtoaji. Na anayekushauri uandike dola 40 kwenye kitu cha dola 900 anakutafutia kesi, kwa sababu makadirio wanayo wao na intaneti wanayo pia.

Ya umeme nayo ni habari nyingine. Kwenye vitabu vya forodha baiskeli ya kukanyaga iko kifungu 8712. Ikishakuwa na mota inahamia 8711, wanakokaa pikipiki. Kwa hiyo wakala wa kweli atakuuliza mapema kama ina mota. Yule wangu hakuuliza. Hakuuliza hata bei niliyonunulia, na makadirio alikuwa nayo tayari! Hilo nalo lingeniamsha kama ningekuwa macho.

Walioko Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, Jedwali la Tano ni hilo hilo, sheria ni moja. Viwango vya VAT ndivyo vinatofautiana, Kenya ni 16. Zanzibar kwetu hapa ni 15. Malipo ya serikali Kenya mnajua ni eCitizen, 222222, kwa hiyo ukipewa namba ya "afisa" binafsi ujue ni ndugu yake huyu wangu.

Nimechukua RB, namba ya taarifa, polisi. Namba ya simu ya tapeli nimeituma 15040, ile ya kuripoti utapeli wa simu. Watu wa mtandao wa simu waliniambia hela ilishatolewa dakika tisa baada ya kuingia, zote mbili. Sitegemei kuziona. Jina alilonipa silitaji, maana halitakuwa lake, na mwenye duka la vipodozi huenda hajui lolote.

Kuhusu orodha za kontena: anayekusanya mizigo amtumie kila mtu ukurasa wake peke yake. Nimeshagombana na watu watatu kwa hili kwenye grupu letu, nitagombana na wa nne.

Juzi kaka mmoja wa Morogoro, mzigo wake unatoka Uingereza, alinitumia makadirio aliyopewa na "wakala" akitaka niyaangalie. Yeye analeta kinanda. PDF ni ile ile, saini ile ile iliyopinda, jumla 1,720,000. Kwenye mstari wa maelezo ya mzigo jamaa kasahau kufuta: baiskeli moja, bluu, 2014.