Fundi aliniambia "nimefuta mpaka kwenye mzizi", kumbe kila kitu changu kilikuwa mle mle

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Miezi kadhaa nyuma nilipata laptopu nyingine, nikaamua ile ya zamani nimpe mtoto wa dada yangu anayesoma chuo Dodoma. Nimeitumia miaka mingi, mambo yangu yote yamepita mle, na kubwa zaidi mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu hapa mtaani. Wanawake 24, vitambulisho vyao vya NIDA niliviskani mwenyewe, namba zao za simu, nani kakopa shilingi ngapi, nani kashindwa kurejesha na kwa sababu gani, maana wengine waliniandikia mpaka matatizo ya ndani ya nyumba zao. Nikasema hii haitoki mkononi mwangu bila kusafishwa.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, jina la duka silitaji. Nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, kaka, windo (Windows) mpya utapiga lakini kilichonileta ni kufuta, isibaki hata barua moja. Akanijibu mama ondoa shaka, mimi nafuta mpaka kwenye mzizi. Mzizi. Neno hilo limenikaa kichwani. Duka la jirani walikuwa wanataka 15,000, yeye kataka 25,000 nami nikalipa kwa sababu ya huo mzizi wake. Laptopu ikalala kwake siku mbili. Nilipoichukua nikafungua nikaona nyeupe pee, hakuna kitu, nikafurahi kweli, nikawasifia mpaka watu wawili ofisini kwetu huyu fundi. Ndio maana naandika, yale maneno yangu nayarudisha leo.

Sasa huyu kijana wetu siku moja kafuta kwa bahati mbaya kazi yake ya chuo, rafiki yake akamwekea Recuva, ni programu ya bure kabisa mtu yeyote anaipakua, wakaipa kazi ya kutafuta diski nzima. Wakaenda kula. Kurudi wanakuta maelfu ya mafaili na mengi sio yake. Akanipigia usiku. "Mamdogo shikamoo. Samahani, hivi bibi alilazwa lini? Naona picha yake yuko wodini." Nilikaa chini.

Ile picha mimi ndio nilipiga. Mama amekaa kitandani, kanga ya kijani begani, kashika kikombe cha uji kwa mikono miwili kwa sababu mkono mmoja ulikuwa hauna nguvu tena. Hakuwahi kupenda watu wamwone vile. Alinikataza hata kuituma kwa ndugu, na mimi sikuituma. Halafu leo inaibuka kwenye bweni la wavulana Dodoma. Nikamwambia baba funga hiyo kompyuta, na huyo rafiki yako mwambie atoke. Akaniambia mamdogo kuna na vitambulisho vya wamama wengi tu.

Kesho yake nikaanza kuuliza kwa watu wanaojua. Kumbe fundi alifomati kwa haraka basi, kitendo cha dakika chache. Kufomati kwa haraka hakugusi mafaili, kunafuta ile orodha inayoiambia kompyuta faili gani liko wapi, faili lenyewe linabaki pale pale mpaka siku litakapoandikiwa kitu kingine juu yake. Ni sawasawa na mimi nikate jina la mwanachama kwenye daftari la kikoba halafu niseme deni lake limekwisha. Na windo mpya inakalia sehemu ndogo tu ya diski, kwingine kote mambo yako yanasubiri mtu ayaokote.

Nikarudi kwake. Nilimkuta anakula chipsi, hakuinua hata kichwa. Nikamweleza taratibu kabisa, sikupaza sauti. Akaniambia hivi, nanukuu: "Mama, nani ahangaike na mafaili yako? Kwani wewe ni waziri?" Vijana wake wawili wakacheka. Nilisimama pale na pochi yangu mkononi watu wanapita.

Yaani mpaka waziri ndio ana siri? Mama anayeuza vitumbua, ambaye kitambulisho chake kikishikwa na tapeli anaweza kujikuta kwenye matatizo ambayo hayajui, huyo hana haki? Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na humo hakuna mahali pameandikwa mawaziri peke yao. Kosa angekiri tu ningemsamehe, naapa. Angesema mama sikujua, lete nirudie, ningekaa kimya na hapa nisingeandika. Ila kunicheka!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa mle mle kwenye windo. Kijana alinielekeza kwa simu nilipoagiza laptopu irudi kwa basi. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya kureset kompyuta, unachagua kuondoa kila kitu, halafu usikimbilie kubonyeza endelea, kuna mahali pa kubadilisha mipangilio, pale ndani unawasha ile ya kusafisha data. Ndio hiyo inayoandika juu ya kila kitu. Inachukua masaa, kwangu niliianza baada ya isha nikaamka saa kumi naikuta bado inaenda, charja niliifunga na kitambaa isichomoke maana betri imekufa. Hii ni kwa diski za zamani zile zinazozunguka kama yangu, zile mpya za SSD zina utaratibu wake, ulizeni kabla. Ilipoisha tukairudishia Recuva ile ile na hakuna faili langu hata moja lililofunguka. Sikulipa hata senti.

Niwe mkweli, huyo fundi kwa kubadilisha kioo au kibodi yuko vizuri, ya dada yangu alitengeneza mpaka leo inapiga kazi, kwa hiyo nilitaka kumpa nyota tatu. Na kuna jambo jingine linanisumbua, ile picha ya mama sikuwa nayo popote pengine, simu niliyoipigia iliibiwa zamani, kwa hiyo kama angefuta kweli mpaka kwenye mzizi nisingeiona tena maishani. Nimeinakili kwenye flashi nimeiweka kabatini kwenye kanga yake ile ile. Nimelia nayo.

Lakini hilo halimhusu yeye, hakunitunzia picha, alikula hela yangu. Nyota moja, na hiyo moja ni ya dada yangu. Laptopu ililala pale siku mbili na wale vijana wanaocheka, nani alifungua nini mimi sijui. Jumamosi tuna kikao cha kikoba na lazima niwaambie wenzangu 23 vitambulisho vyao vilikuwa wapi, na mpaka sasa sijapata sentensi ya kuanzia.