Kifaa cha Kutafutia Nyaya na Mabomba Kinachofaa Ardhi ya Malindi

Anayenunua kifaa cha kutafutia nyaya na mabomba yaliyofukiwa hapa Malindi hana budi kuutazama udongo kabla ya bei, kwa kuwa mchanga mkavu, mawe ya matumbawe na ardhi iliyolowa maji ya chumvi karibu na ufuo havipitishi mawimbi kwa namna moja. Atazame pia kilichofukiwa: waya wa umeme na bomba la chuma hubeba mawimbi, ilhali bomba la plastiki halisikiki kabisa kwa kifaa cha kawaida.

Nafasi ya kwanza naipa seti ya vipande viwili, yaani kipokezi cha mkononi na mtambo mdogo wa kupeleka mawimbi, mfano CAT4 na Genny4 za Radiodetection ya Uingereza. Nasisitiza neno seti, maana wengi huona kipokezi peke yake ni nafuu wakaondoka nacho, wakitumaini kitasikia mawimbi ya hezi 50 ya umeme wetu. Kasoro ni kwamba kipokezi hakisikii volti, husikia mkondo unaopita. Nyumba ya wageni iliyofungwa msimu mzima, taa zimezimwa na pampu ya kidimbwi imelala, huweza kuwa na waya wenye umeme kamili ambao kifaa kitaupita kimya. Niliwahi kuchimba mtaro katika ua wa nyumba kama hiyo nikiwa na kipokezi kitupu, nikauamini ukimya ule. Sururu ya kijana wangu wa kazi ikachana ganda la waya, na kilichomwokoa ni mpini mkavu wa mti.

Mtambo wa kupeleka hutia mawimbi yake wenyewe, kilohezi 33 na 131 kwa pamoja katika seti hiyo, na yale ya juu husaidia kunasa nyaya nyembamba kama za simu. Huunganishwa moja kwa moja na bomba la chuma au waya usio na umeme, hufungwa kwa kibano kinachozunguka waya, au huwekwa tu juu ya ardhi. Njia hii ya mwisho ndiyo nyepesi na ndiyo dhaifu, kwani mawimbi hurukia chuma chochote kilicho jirani. Kibano mara nyingi huuzwa kando. Kinunuliwe siku hiyo hiyo, hata kama itabidi kuacha mkoba na mapambo mengine.

Ya pili ni fimbo ndefu ya kupinda inayosukumwa ndani ya bomba ikiwa na waya au kitoa mawimbi kidogo kwenye ncha, ambacho kipokezi hukifuata kutoka juu. Kwa mabomba ya plastiki ya maji machafu na yale ya kupitishia nyaya, hii ndiyo dawa. Bomba la maji safi lenye presha halisukumiwi fimbo hivi hivi, ndiyo maana namshauri kila fundi anayetandaza bomba jipya la plastiki alilaze pamoja na waya wa shaba, ili atakayekuja baadaye apate cha kufuatilia.

Vifaa vya masafa mengi, kama RD8200, naviweka nafasi ya tatu. Masafa hapa ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, ile inayohesabiwa kwa hezi, si umbali. Ubora wake ni kwamba masafa ya chini huenda mbali bila kurukia nyaya za jirani, jambo lenye faida kwa mkandarasi wa njia ndefu, si kwa fundi wa viwanja.

Rada ya ardhini naiweka ya nne, ingawa wauzaji huisifu kuliko zote. Ni kweli kwamba huona hata plastiki, na katika mchanga mkavu picha yake hupendeza. Lakini chumvi na maji huyameza mawimbi yake, na viwanja vingi vyenye kazi ya kulipa viko karibu na bahari. Kwa bei iliyo mara kadhaa ya seti ile ya kwanza, ni heri kuikodi pamoja na mtu anayejua kuisoma. Vifaa vya kutafutia dhahabu na sarafu havina nafasi hapa. Hulia kwa msumari kama vinavyolia kwa bomba.

Kabla ya kulipa, dai cheti cha mwaka huu kinachoonyesha kwamba usahihi wa kifaa umepimwa, uliza kinatengenezewa wapi kikiharibika, na kwa sababu ya vumbi na mvua za masika pendelea chenye kiwango cha IP65, yaani kinga dhidi ya vumbi na maji yanayorushwa. Kisha kijaribu juu ya bomba la chuma ambalo kina chake unakijua, ukikumbuka kwamba kina kinachosomwa na kifaa chenye uwezo huo ni cha katikati ya bomba: kwa bomba la inchi 6, sururu italigusa inchi 3 kabla ya kufikia kipimo hicho.