Stoo ya jikoni: uzoefu wangu na Dragon Age: Origins

Nilinunua Dragon Age: Origins kwa sababu isiyo na heshima yoyote: katika gemu zote za kuvaa uhusika nilizotamani, ndilo lililokubali kufunguka kwenye kompyuta yangu ya mtumba. Ni la mwaka 2009, kazi ya BioWare ya Edmonton, Kanada, enzi ambazo kompyuta za watu zilikuwa kama hii yangu ya leo. Linataka nafasi ya giga 20 hivi. Hizo nilizishusha kwa bando la usiku, hapa Mtanda, Lindi, usiku baada ya usiku, na kila alfajiri dada yangu akinikuta nimelalia kiti ananiuliza kama nimepata kazi ya ulinzi.

Walionishauri nilicheze walisifia giza lake. Giza, giza, kila mmoja. Nikajiandaa kwa mapepo na mizoga. (Nitasimulia ya ndani, hadi ya mwishoni. Anayetaka kuyakuta mwenyewe aishie hapa.)

Gemu lina mianzo sita, unachagua umezaliwa nani. Mimi nilichukua mtoto wa pili wa ukoo wa Cousland, watawala wa ngome ya Highever. Na kazi ya kwanza niliyopewa, mimi mtoto wa bwana mkubwa, ilikuwa kwenda jikoni kumtoa mbwa wangu stoo, maana kaingia humo na mpishi anafoka mpaka mishipa ya shingo imesimama. Mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa kaegemea bega langu. Ndiye aliyempa mbwa jina: Popi. Kwetu mbwa haingii ndani, basi kijana alifurahi kama aliyepewa ruhusa ya Idi. Kumbe Popi hakuwa mwizi. Stoo ilikuwa na panya, tena panya buku hasa, tukapigana nao katikati ya magunia.

Baada ya hapo unazurura tu. Mama yako anaongea na wageni wake. Kaka yako, Fergus, anaaga kwenda vitani, na mwanawe mdogo, Oren, anamwagiza baba yake amletee upanga, neno ambalo hata kulitamka hajaweza. Lugha ya gemu ni Kiingereza, kwa hiyo mpwa wangu nilikuwa namtafsiria kila sentensi, na hapo akacheka: "Mjomba, huyu hata akiletewa hataunyanyua." Mimi nilishaanza kuchoka. Muda wote huo sijaona hata pepo mmoja.

Usiku wa gemu ukaingia, na Arl Howe, rafiki wa baba aliyekuwa kakaribishwa nyumbani mchana uleule, akawaachia askari wake waivamie ngome. Nilimwambia mpwa wangu akalale. Gemu limewekewa alama ya miaka 18 na pale nilielewa kwa nini. Chumbani kwa kaka, shemeji yako na yule mtoto wa upanga wako sakafuni. Unatoka humo na mama, mnamtafuta baba kila kona, Popi mbele. Mnamkuta stoo. Stoo ileile ya panya, magunia yaleyale, anavuja damu. Mama anakataa kumwacha mumewe. Unawaacha wote wawili.

Nilifunga kompyuta nikaenda kukaa barazani. Baba angeweza kufia ukumbini, au juu ya ukuta akiwa na upanga mkononi, kama mabwana wakubwa wa hadithi. Watengenezaji wakampeleka mahali ambapo saa moja nyuma mimi na kijana tulikuwa tunacheka.

Bibi yangu, mtu wa Rondo, alikuwa akitusimulia miaka ile ya mwanzoni mwa 2000, simba walipokuwa wanakamata watu vijijini huku kwetu. Hakuwahi kuanza na simba. Alianza na mtu: fulani alikuwa akilala shambani, kwenye dungu, kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe, na kila jioni akipita lazima aombe kijinga cha moto, kwa sababu kiberiti alikuwa hanunui. Bahili. Tunacheka. Jioni ya pili kapita tena, kaomba tena, tunacheka tena. Halafu bibi anasema, "Jioni ile hakupita." Hapo tulisogeleana mkekani, na simba mwenyewe bado hajatajwa. Simba wa bibi alikuwa na maneno mawili matatu tu. Kijinga cha moto kilikuwa na nusu ya hadithi.

Gemu hili linapokuwa zuri linafanya hivyohivyo. Kuna njia za chini ya ardhi za mbilikimo (ndefu mno, nusu yake ningeikata), unatembea humo unaua unaua, mara unasikia sauti ya mwanamke anahesabu siku: siku ya kwanza walitufanyia hivi, siku ya pili hivi. Humwoni. Unaposogea sauti inasogea. Unapolifikia lile zimwi lenyewe, lililo kubwa na la kuchukiza, umeshajua kwamba lilikuwa mwanamke, mwenzake huyu anayehesabu, na jina lake umeshaambiwa. Nilivua hedifoni nikaendelea bila sauti. Sioni aibu kusema.

Linapokuwa baya, linadhani giza ni damu. Kila baada ya pambano watu wako wanatapakaa madoa usoni kama wachinjaji, halafu wanasimama vilevile kuzungumzia mapenzi na dini. Mpwa wangu aliuliza kama hawana maji. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuyaondoa madoa hayo, yaondoe siku ya kwanza. Na sevu mara kwa mara: kompyuta ya zamani kama yangu ikikaa muda mrefu kwenye gemu hili inazidi kuwa nzito, mwishowe inazima yenyewe. Mimi nilijifunza kulifunga na kulifungua upya kila baada ya saa moja.

Malalamiko yangu makubwa ni Redcliffe. Kijiji kinavamiwa kila usiku na maiti zinazotoka ngomeni, na chanzo ni mtoto, Connor, aliyeingiwa na pepo. Kijana kazaliwa na uchawi. Sheria inataka apelekwe kwenye mnara wa wachawi, mama yake, Isolde, hakuweza kuachana naye, akamficha na kumtafutia mwalimu wa siri. Mwalimu akampa sumu baba mtu. Mtoto akapatana na pepo ili baba apone. Ukimwondoa mwalimu, wote humo wameponzwa na kupendana. Ukafike hapo, uchague: umuue mtoto, au mama ajitoe kafara, au uende ng'ambo ya ziwa kuomba msaada wa wachawi. Nilikwenda roho mkononi, nikijua kila siku ninayochelewa kijiji kinalipa. Nikakawia. Nikarudi. Hakuna aliyelipa chochote. Pepo alikuwa kaningoja kwa adabu, mtoto akapona, mama akapona. Nilijiona kama aliyekesha kwenye foleni ya mkopo usiohitaji dhamana. Binamu yangu wa Dar ana gemu jingine, The Witcher 3 la CD Projekt Red, ya Poland, mwaka 2015. Humo kuna roho iliyofungwa chini ya mti: ukiifungua, yatima fulani wanapona na kijiji kinaangamia, ukiiua, yatima wanaliwa. Mnara wa kukimbilia hakuna.

Kwa hasira nilicheza upya Redcliffe nikakubali kafara ya Isolde, yule mama. Alistair, mcheshi wa kundi, ambaye alilelewa katika ngome ileile, alinisubiri kambini akanisema vibaya sana. Nikaumia kweli. Kisha nikagundua kwamba mapenzi ya wenzako yanapimwa kwa namba, kuanzia hasi 100 hadi 100, zawadi huipandisha, na kwamba Alistair anapenda vinyago vidogo. Nikampa viwili vitatu. Kwisha, anatania tena! Mama wa mtu kafa na mimi nimesamehewa kwa vinyago. Nikaanza kuvinunua na kuviweka akiba, kwa dhambi zijazo.

Karibu na mwisho, Loghain, jemadari aliyemtelekeza mfalme vitani na kumfanya Duncan, aliyekuwa kama baba kwa Alistair, afe, yuko magotini mbele yako. Unaweza kumwacha hai ajiunge na kundi. Nilimwacha. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: Alistair atakasirika, kinyago kimoja, yaishe. Alisema yake, akageuka, akaondoka. Nikarudi kambini nikamtafuta kwenye moto, kwenye hema, hayupo.

Jioni ile mpwa wangu akaja, akahesabu watu kwenye kioo. "Mjomba, yule wa kuchekesha yuko wapi?"

Nikamwambia kasafiri. Kinyago nilichomwekea bado kimo mfukoni. Wafanyabiashara wa humo wanakinunua kwa senti chache, sijakiuza.