Pakeji ya masomo ya vijana wa kanisani ya mwaka mzima: nimeitumia miezi 11 nikiwa na vijana 9

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aende zake: 3 kati ya 5. Ilikuwa iwe 2, ila kadi za maswali zimeiokoa, pamoja na ukurasa mmoja wa usalama ntakaoueleza huko chini.

Walioitengeneza siwataji, sina ugomvi na mtu. Na kwa nilivyochungulia nyingine kabla ya kununua, nyingi zimefanana, kwa hiyo hata kama wewe unaangalia ya watu wengine haya yanaweza kukufaa.

Kwanza mjue naongea nikiwa wapi. Mi ni mlezi wa vijana kwenye kanisa dogo, dogo kweli, lile la mtu kukosa ibada moja tu na jumatatu watu watatu wameshampigia simu. Hii huduma silipwi, nina kazi yangu ya siku tano, kipindi naandaa alhamisi usiku macho yanafumba. Vijana kwenye daftari ni 9, wanaokuja ni 6 au 7, mdogo ana miaka 13 mkubwa ana 24. Hiyo tofauti ya umri iwekeni akilini maana ndo iliyonitoa jasho.

Unachopata: masomo 52 ya PDF, video fupi ya kila somo, slaidi, kitabu cha mwongozo wa kiongozi, folda ya magemu, kadi za maswali za kuprinti, kalenda ya mwaka na fomu fomu. Unalipia mwaka, mwaka ukiisha video zinafungwa ila PDF ulizokwisha kushusha ni zako. Sio bei ya kutupa, kwetu ilikula karibu bajeti yote ya idara ya vijana, wazee wa kanisa waliniuliza mara mbili kama nina uhakika nikasema ninao. Sikuwa nao.

Sasa mwongozo. Ukurasa wa tatu tu wanakusimulia habari ya Christian Endeavor, kile chama cha vijana kilichoanzia kwenye kanisa moja la Portland, Maine, kule Marekani, tarehe 2 Februari 1881, mchungaji wao akiitwa Francis Clark. Habari yenyewe tamu sana. Wale vijana walikuwa wanaweka ahadi kwamba kila kikao kila mmoja atashiriki kwa namna fulani, na kuimba hakuhesabiki, yaani huwezi kujificha kwenye kuimba ukasema nimeshiriki. Halafu wakawa na kamati zao wenyewe, ya kuwafuatilia wenzao, ya kikao cha maombi, ya kukaribisha watu na kuwachangamsha. Nimesoma nikasema hapa hapa, hii ndo inayotufaa, sisi wachache kila mtu atakuwa na kazi.

Unafungua ukurasa wa nne: "Kiongozi ataandaa." Kiongozi atafundisha. Kiongozi ataongoza gemu. Kiongozi atahakikisha bendi imefanya mazoezi. Kurasa zaidi ya 60 na kijana hana kazi yoyote humo ndani zaidi ya kukaa, kucheka pale walipoandika "vijana watacheka" (haki ya nani imeandikwa hivyo) na kujibu maswali. Sasa ile hadithi ya 1881 waliiweka ya nini, mapambo?

Mwezi wa kwanza nilifuata kila kitu kama kilivyo maana nililipia. Dakika 20 gemu, 15 kusifu na bendi, 10 video, 25 mafundisho, 20 makundi madogo, jumla saa moja na nusu. Gemu la siku ya kwanza linataka timu nne za watu sita sita. Tulikuwa saba. Nikasema basi tufanye timu mbili, watatu kwa wanne, gemu likaisha dakika tatu, zikabaki 17 tunaangaliana. Bendi hatuna, tuna binti mmoja anayepiga kinanda na siku hiyo alikuwa na mafua. Makundi madogo wameyagawa kwa umri, 13 hadi 15, 16 hadi 18, 19 na kuendelea, kwangu kundi la katikati lingekuwa na mtu mmoja anajadiliana na nafsi yake.

Ila kilichoniuma zaidi ni video. Hatuna projekta, tumezunguka laptopu yangu vichwa saba, inaanza, unaona ukumbi una mamia ya vijana, mataa, moshi, wanaruka. Mdogo wetu wa miaka 13 akauliza, "Hawa wote ni wa kanisa moja?" Hakuna aliyemjibu, ila niliwaona wawili wanageuka wanahesabu tuliopo. Video ilikuwa inafundisha kwamba Mungu hajali wingi. Jamani.

Na hizo dakika 25 za mafundisho kwa watu saba kwenye chumba kidogo ni nyingi, kila mtu anaona kila mtu anavyopiga miayo. Waliosoma Matendo ya Mitume sura ya 20 wanajua, Paulo mwenyewe alivyorefusha mpaka usiku wa manane kijana Eutiko akasinzia dirishani akaanguka toka ghorofa ya tatu. Paulo aliweza kushuka akamkumbatia akawa hai tena, mi huo uwezo sina, bora nifupishe.

Wiki ya tano nikaacha kuwasikiliza. Nikatupa magemu, nikatupa slaidi, video nikawa naangalia mwenyewe alhamisi ile nichukue wazo. Nikaprinti zile kadi za maswali.

Kadi ndo nataka nizizungumzie kwa kirefu maana sidhani kama hata walioziandika wanajua wameandika kitu kizuri, wameziweka nyuma kabisa kwenye kiambatisho. Maswali ya ndani ya masomo yenyewe ni yale ya "Je, tunapaswa kumtii Mungu?", kijana yeyote aliyekulia kanisani anajibu ndiyo huku anafikiria simu yake. Kadi ni tofauti. Kila kadi ina mistari miwili mitatu ya kusoma na swali moja ambalo mtu hana jibu lake tayari mdomoni. Mfululizo wao wa Injili ya Marko ndo bora kuliko yote, sura 16, ndo injili fupi kuliko zote nne kwa hiyo hata mvivu wa kusoma anafika mwisho.

Siku ya kadi ya Marko 14 mstari wa 51 na 52, ile ya kijana aliyekuwa anamfuata Yesu amejitanda kitambaa cha kitani, wakamkamata, akaacha kitambaa akakimbia uchi. Nusu yao hawakujua kama iko kwenye Biblia. Wamecheka mpaka mmoja kashuka kwenye kiti, na mi nimecheka pia siwezi kudanganya. Swali la kadi ni "Kijana huyu alikimbia nini?" Wakaanza kutaja, askari, aibu, kifo. Kuna mmoja huwa haongei, ana miaka 16, anakaa karibu na mlango kama mtu anayesubiri gari. Akasema, "Lakini soma wa 50." Tukasoma wa 50, wanafunzi wote wakamwacha wakakimbia. Akasema, "Wale wakubwa walikuwa wameshakimbia. Huyu ndo alikuwa bado yupo."

Kimya. Binti wa kinanda akamwambia, rudia. Akarudia. Tulikaa kwenye hiyo sentensi nusu saa nzima na mi sikufundisha chochote, nilikuwa nashika kadi tu.

Kuanzia hapo kadi nikaacha kuzishika. Kila wiki mmoja anaondoka na kadi nyumbani, wiki inayofuata yeye ndo anaongoza mjadala, mi nakaa pembeni. Hili mwongozo hausemi popote, tumelitoa kwenye ile hadithi yao ya ukurasa wa tatu. Sio kwamba inaenda vizuri kila mara, kuna siku aliyekuwa na zamu aliisahau kadi nyumbani, kuna mwingine alisoma swali akalijibu mwenyewe akafunga kwa sala, dakika 11 nimehesabu. Sawa tu. Tukapata muda tukapanga viti vya kesho yake. Wa miaka 24 nilimpa kazi ya kukaa na anayeongoza wiki inayofuata, wanapitia pamoja, na hapo lile tatizo la umri likageuka msaada, maana mkubwa akifundishwa pamoja na wa miaka 13 anaboreka ila akipewa wa kumlea anatulia.

Ule ukurasa wa usalama sasa. Ni mmoja tu na uko vizuri kuliko ukurasa mwingine wowote: watu wazima wawili kila kipindi wasiwe watu wa nyumba moja, mlango wazi au wenye kioo, hakuna mtu mzima kumtumia mtoto meseji za pembeni, mambo yote kwenye grupu lenye mzazi au mlezi mwingine ndani, fomu ya ruhusa ya mzazi kabla ya safari yoyote yenye namba ya dharura na kama mtoto ana ugonjwa unaopaswa kujulikana, na kijana akikueleza kuwa anaumizwa usimwahidi kuwa utakaa na siri. Hili la mwisho mlezi mgeni anaweza kukosea kwa nia njema kabisa. Fomu ziko tayari, unabadilisha jina la kanisa unaprinti.

Tatizo ni hao watu wazima wawili, kanisa dogo unawatoa wapi, kila mtu ana huduma tatu. Nililipeleka kwa mchungaji nikijua ataniambia tunajuana wote hapa, na kweli ndo alichosema. Nikamwambia mchungaji, kujuana ndo sababu yenyewe, siku likitokea jambo hatutajua pa kusimama. Akanielewa baada ya wiki mbili. Sasa kuna mama mmoja mstaafu anakuja, anakaa nyuma na ushonaji wake, hasemi kitu, na vijana wamempenda kuliko mimi. Ila utaona kwa kanisa kubwa hili ni suala la ratiba tu, kwetu lilikuwa maombi.

Kalenda, hapana. Matukio 14 makubwa kwa mwaka, kambi, mikesha, makongamano, na kwenye jedwali la bajeti kuna mstari wa "fundi sauti". Tulikaa na vijana jumamosi moja tukaitandaza mezani, kila mmoja akafuta wiki zake, huyu mitihani, huyu yuko kazini kwa zamu, huyu mwisho wa mwezi huwa hayupo. Zilizobaki ndo tukapanga. Tumefanya matukio matatu mwaka mzima na yote yamefanyika, mwaka wa nyuma yake nilipanga manane peke yangu yakafanyika mawili.

Huduma kwa wateja: niliwaandikia mara moja kuuliza kama wana toleo la vikundi vya chini ya kumi. Walijibu siku ya nne, kwa upole, kwamba pakeji inafaa "vikundi vya ukubwa wote" na wakaniambatishia video ya jinsi ya kukuza kundi lifike 50. Sikuuliza hivyo. Hao saba ninao, nataka kujua niwafanyie nini wiki hii. Lugha nayo, unaona kabisa imetafsiriwa na mashine sehemu sehemu, kuna somo limeandika "vunja barafu na kundi lako" nikabaki nawaza barafu ya nini, nilichukua muda kuelewa wanamaanisha kuchangamshana. Vijana walilishika hilo, mpaka leo mtu akichelewa wanamwambia barafu tumeshavunja.

Nani anunue? Kama una vijana 40 na zaidi, una bendi, una walezi wanne watano, chukua, utaitumia yote. Kama mko chini ya 15 usichukue mwaka mzima, ulizeni kama wanauza mfululizo mmoja mmoja (hawa wetu wanauza ila kitufe wamekificha chini kabisa), chukua wa Marko, printi kadi kwenye karatasi ngumu maana za kawaida mkononi mwa vijana hazimalizi mwezi. Na soma leseni, ya kwetu inaruhusu kuprinti kwa kanisa moja tu, kanisa jirani waliniomba niwape ikabidi niwaambie hapana na ilikuwa aibu kidogo.

Malipo yanaisha mwezi ujao, silipii tena. Vijana wenyewe wameshaniambia wanataka kitabu cha Yona na kadi wataandika wao. Wameanza. Kadi ya kwanza imeandikwa na yule wa karibu na mlango, kwa peni, na herufi zake mbaya kweli: "Kwa nini Yona alilipa nauli?"