Shiatsu kwa mtu wa judo: bega limepona, goti bado

Wenzangu wa judo huko nyumbani Unguja wameshaniuliza sana kuhusu hii shiatsu, ukandaji wa Kijapani wa kubonyeza mwili kwa vidole, kwaiyo bora niandike mara moja yaishe. Mi nipo Saitama, Japani, mwaka wa pili huu, nacheza kilo 73, mazoezi mara tatu kwa wiki. Kilichonipeleka ni bega la kushoto, lilikaza mpaka shingo ikawa haigeuki, mtu akiniita nyuma nageuka mwili mzima kama kabati.

Mara ya kwanza niliyavagaa. Niliingia kiduka karibu na stesheni, nje bei kubwa kubwa, saa moja yen 3,000, mi nikajua ndo yenyewe. Kijana akanipandia mgongoni na kiwiko, akakandamiza mpaka machozi, nikajikaza nikidhani ndo dawa inaingia. Kesho yake nna mavilio ya damu mgongoni na kufunga mkanda wa gi, ile nguo ya judo, siwezi. Sensei, mwalimu wangu wa judo, alipoona akacheka kwanza, halafu akanambia huku mtu wa shiatsu anasoma si chini ya miaka mitatu na anafanya mtihani wa taifa ndo apewe leseni, vile viduka vingi havina, ndo maana nje wanaandika "momihogushi", yaani kukanda na kulegeza tu, wanalikwepa neno shiatsu lenyewe. Uliza leseni kwanza, usione haya.

Akanielekeza kwa mzee mmoja ambae haoni. Japani wasioona wamefanya kazi ya kukanda toka zamani sana, kwaiyo huko si ajabu. Chumba kina tatami, ile mikeka minene ya Kijapani, unalala kwenye godoro jembamba chini, na nguo zako, mafuta hakuna hata tone (sisi tuliozoea kuchuliwa na mafuta ya karafuu unahisi kama hajaanza).

Bega hakuligusa. Alinishika vidole vya mkono wa kulia, akavipapasa kimoja kimoja, kufika cha pete na kile kidogo akatulia, viungo vyake vimevimba. Akasema we ni mchezaji wa kushoto. Nikashangaa kajuaje! Kumbe hesabu yake rahisi, mkono wa kulia ndo unaning'inia kwenye mkono wa gi ya mwenzako, basi wa kushoto uko kwenye kola na bega lake ndo linalobeba kazi.

Halafu ndo akaanza. Gumba linashuka taratibu, linakaa sekunde tatu mpaka tano, linatoka taratibu vilevile, na hasukumi kwa nguvu za mkono, anaegemea tu uzito wa mwili, kiganja kingine kimetulia mgongoni hakifanyi kitu. Kwa mtu wa judo hii unaielewa palepale, ni uzito sio misuli. Alipofika pale chini ya fuvu nyuma ya shingo, Wajapani wanapaita fuchi, iliuma lakini uchungu mtamu, wenyewe wana neno lake, itakimochii.

Na hivi vitu, shiatsu na mieleka ya Kijapani, havijakutana kwa bahati. Namikoshi, yule aliyeieneza shiatsu, alifungua chuo chake cha shiatsu Tokyo 1940, na mwaka uliofuata Okuyama Ryuho akaanzisha Hakkoryu, aina ya jujutsu (mchezo wa kujihami uliozaa judo) inayofundishwa pamoja na shiatsu yake. Jamaa yangu mmoja anafanya hiyo, sehemu ileile anayokubana upige magoti ndo anayokukanda baadae, na anacheka mara zote mbili.

Kwa mzee nimeenda mara nne, yen 6,000 kwa saa. Shingo inageuka, usingizi umerudi, na kanifundisha pa kujibonyeza mwenyewe baada ya mazoezi, vidole vinne chini ya goti upande wa nje wa muundi, miguu inakuwa myepesi kweli.

Ila goti. Nilianguka vibaya likavimba, nikamkimbilia nikijua atalimaliza. Aliweka kiganja juu yake, akasikia joto, akaondoa mkono. Akasema hapa mimi siweki gumba, nenda hospitali ukapigwe picha. Nikanuna wallahi, nauli yote ile. Picha ikaonesha gegedu limechanika. Angekuwa yule wa kiwiko sijui leo ningekuwa natembeaje.

Nampa nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa ile baridi ya chumba Januari. Ukienda chukua cash, kadi hapokei, na piga simu mapema, mkewe ndo anashika daftari na wazee wa mtaa washalijaza.